Fegi Mbili za Baba

Mjukuu wangu,

Nimesikia Jumatatu unafungua duka. Mimi huku Rombo nimekaa barazani, mguu wa kushoto juu ya kigoda, sukari imeshanipiga marufuku kupanda basi, kwa hiyo hatutakabidhiana ana kwa ana kama nilivyotaka. Mambo ya mzigo baba yako atakuonyesha. Daftari la madeni liko chini ya pipa la mchele. Usimdai mtu mbele za watu, na usimfutie mtu deni kwa huruma ya siku moja. Hayo mengine utayajua tu, maana watu wanasema sisi Wachaga tunazaliwa na chenji mkononi.

Ninalotaka kukuachia ni jambo ambalo sikufundishwa na mtu, nililijua kwa kutukanwa. Ni namna ya kumnyima mteja kitu ambacho kipo rafuni na hela yake anayo mkononi.

Nimesimama nyuma ya nondo za dirisha lile pale Tandika miaka 30 na ushei. Utaona mwenyewe kwamba mteja huanza kufika kwa mkono, sura inafuata. Jioni umeme ukikatika hata hiyo sura huioni, unaona kiganja na noti. Mkono wa mtoto utaujua mara moja. Unapenya nondo ya chini kabisa, mwenyewe amesimama kwa vidole vya miguu, sarafu ameibana hadi imelowa jasho. Kisha kwa chini inatoka sauti: “Mangi, nipe fegi mbili za baba.”

Sheria yenyewe si ndefu. Kuna ile ya tumbaku ya mwaka 2003, na kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kifungu chake cha 17 kinasema ni kosa kumuuzia mtoto sigara, pombe au kilevi kingine. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mimi niliisoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa maandazi, nikaigeuza huku na huku nikitafuta mahali palipoandikwa “isipokuwa ametumwa”. Hapakuwepo. Mwaka uliofuata mtendaji wa mtaa akapita kutukumbusha wenye maduka, nami nikaamua kuanzia siku hiyo siuzi.

Siku hiyohiyo akaja kijana wa watu, darasa la pili, geti la kijani, nyumba ya tatu kutoka dukani. Fegi mbili za baba. Nikamwambia, “Mwambie baba sheria hairuhusu.” Akaondoka. Nikajiona mtu wa maana kweli.

Haikupita robo saa, baba mtu huyo hapo, amemshika mtoto ukosi wa shati.

“Mangi, pesa yangu ina ukoma?”

“Mzee, sheria hairuhusu kumuuzia mtoto.”

“Nani kakwambia mtoto anavuta? Ninayevuta ni mimi!”

“Sheria inasema…”

“Sheria, sheria! Wanao wako Rombo wanalelewa na bibi yao, halafu wewe ndiye wa kuja kunifundisha kulea wangu?”

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kupimiwa mafuta akacheka, watu wakaanza kusogea. Nami, kwa kuwa lile la bibi yao lilinichoma (lilikuwa kweli), nikapandisha sauti. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye wosia. Tulipokuwa tunafokeana hivyo ndipo nikamwona mtoto. Chini ya kaptula ya shule, nyuma ya mguu, alikuwa na mistari miwili ya mkanda, bado mibichi. Alikuwa amerudi na hela bila sigara, baba yake akadhani amepitia kwenye mpira na kulisingizia duka.

Mjukuu wangu, ugomvi ule ulikuwa wa watu wazima wawili, lakini ulipita kwanza mgongoni kwa mtu wa miaka minane. Mimi ndiye niliyempa aubebe. Nilimkabidhi mtoto neno “hapana” apeleke kwa baba yake, kitu ambacho mimi mwenyewe, na mwili wangu huu, nilitetemeka kukisema mbele ya mtu yuleyule.

Usiku nilifunga duka, nikachukua sigara mbili, nikaenda kubisha geti la kijani. Akatoka kifua wazi. Nikamwambia, “Mzee, nimekuletea. Ukizihitaji siku nyingine nitakuletea mwenyewe nyumbani, wala hutasumbuka kutoka.” Akanihesabia hela yangu, hakukosea hata shilingi. Kisha akasema, “Ungesema hivyo mchana.”

Basi hilo ndilo la kwanza. Mtoto akitumwa kitu cha namna hiyo, asirudi na katazo, arudi na salamu. “Mwambie baba Mangi anakusalimia, anakuletea mwenyewe saa mbili.” Halafu upeleke kweli, saa mbili hiyohiyo, usimfanye mtoto mwongo. Wengi utakwenda mara moja tu, kesho yake watakuja wenyewe kwa aibu ya kukuona umeacha duka. Wachache watakuzoea, nao uwapelekee. Ni hatua 40, na utanyoosha miguu ambayo mimi sikuinyoosha ikanilipa hivi unavyoona.

Wala usiwadharau wazazi hao. Kwetu kutumwa ndiko kulelewa. Mimi nilitumwa ugoro wa babu yangu nikiwa kibogoyo wa meno ya utoto, na mbege nimeibeba kutoka nyumba ya chini hadi ya juu, nikifika wazee wananipa povu nionje kwenye kata, wanacheka ninavyokunja uso. Hakuna aliyeona amenikosea. Kwa hiyo ukimwambia mzazi “sheria hairuhusu”, yeye masikioni mwake anasikia “hujui kulea”, na hakuna mtu wa Tandika wala wa Rombo atakayekunyamazia kwa neno hilo. Ongea naye habari ya sigara. Habari ya mtoto wake iache hapohapo.

Sasa njoo kwa wale wanaojinunulia wenyewe, hapo ndipo penye vita.

Mwanzoni nilikuwa na dawa yangu: nadanganya. Kijana sura laini akiomba sigara au ile chupa ndogo ya kali, najibu “zimeisha”. Ni neno tamu, halina ugomvi, linakwenda na mtu hadi kona. Hadi jioni moja nilipomwambia kijana zimeisha, yeye akasimama pembeni anahesabu vocha yake, na nyuma yake akaja fundi rangi mmoja, mtu mzima, akaomba sigara ileile. Mkono wangu ukaenda wenyewe rafuni. Yule kijana hakupiga kelele. Alinitazama tu, akaniuliza, “Mangi, zimezaliwa sasa hivi?” Watu walicheka wiki nzima. Lakini yeye hakucheka. Tangu hapo akawa ananunua kila kitu duka la mbele, hadi chumvi, na akipita mlangoni kwangu na wenzake anauliza kwa sauti kama zimeshazaliwa nyingine. Usidanganye. Rafu ziko wazi, kila mtu anaziona.

Hela nayo ina utaratibu wake. Usiipokee kabla hujaamua. Ikishaingia kwenye droo, kumrudishia mtu ni kama kumfukuza, ataanza kudai ulimpa pungufu, noti ilikuwa ya elfu kumi. Iache kiganjani kwake, au juu ya kaunta mbele ya macho yake, hadi mmalize kuongea. Magomvi niliyoyashuhudia mimi yakafika hadi kurusha mawe, karibu yote hela ilikuwa tayari upande wa muuzaji.

Na neno “mtoto” lisitoke kinywani mwako. Hili nalisema kwa aibu. Mwaka mmoja alikuja mtu mfupi, uso mdogo kama wa darasa la saba, begi mgongoni, amefuatana na dada mmoja aliyevaa vizuri. Akaomba bia mbili za kuondoka nazo. Nikamwambia, “Wewe mtoto, nenda kanywe uji.” Dada akaangalia chini. Yule mtu naye hakusema kitu, akafungua begi polepole, akatoa rundo la madaftari ya wanafunzi kutafuta pochi iliyokuwa chini yake. Daftari la juu kabisa lilikuwa la binamu yako, naujua mwandiko wake na lile jalada la gazeti nililomfungia mwenyewe. Alikuwa mwalimu mpya wa hesabu, wiki ya pili kazini. Aliniwekea kitambulisho kwenye nondo, akasubiri nikisome, akakirudisha mfukoni, na bia hakuchukua. Muhula wote ule nilikuwa naogopa kwenda kikao cha wazazi.

Kumbe kuuliza umri si tusi. Tusi ni kuujibu wewe mwenyewe kabla hujauliza.

Kwa hiyo uliza, tena uliza kwa heshima: “Samahani kaka, una kitambulisho au namba ya NIDA?” Wengi kadi hawana bado lakini namba wanayo kwenye simu. Ile namba ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Huhitaji kusoma zaidi ya hapo, na usisome zaidi ya hapo. Kadi ya mpiga kura nayo wataileta. Hiyo angalia tarehe vizuri, kwa sababu wanaandikishwa hata wale watakaotimiza miaka 18 ifikapo siku ya uchaguzi. Unaweza kushika kadi halali kabisa ya mtu wa miaka 17. Na aliyevaa sare ya shule usimuuzie hata akikuonyesha cheti cha ndoa. Wa kidato cha sita wengi wameshavuka 18, najua, na watakwambia hivyo kwa Kiingereza. Hiyo si sheria ya serikali, ni ya dirisha lile. Waambie Babu ndiye aliyeiweka, mimi niko mbali, hawatanifikia.

Baba yako mdogo aliye Glasgow anafanya kazi kwenye duka kubwa, na siku moja kwenye simu tulilinganisha. Kule Scotland pombe ya dukani inauzwa saa nne hadi saa nne, asubuhi hadi usiku, ikigonga tu mashine inakataa. Umri ni 18 kama huku, ila tangu Oktoba 2011 sheria inamtaka muuza pombe amdai kitambulisho kila anayeonekana hajafika 25. Nikamuuliza, kwa nini 25? Akanijibu kwamba jicho la mtu haliwezi kutofautisha 17 na 19, lakini 17 na 25 linaweza, angalau mara nyingi. Bango limebandikwa mlangoni, kwa hiyo anayeuliza ni bango, mwenye kaunta anafuata amri. Akina mama wa miaka 30 wakiulizwa wanafurahi, eti wameonekana wasichana!

Nilipenda sana habari hiyo ya bango. Nikachukua kipande cha boksi la sabuni, nikaandika kwa kalamu nene: UKIONEKANA KIJANA UTAULIZWA UMRI. USIKASIRIKE, SHUKURU MUNGU. Nikakitundika chini ya kile cha MALI KWA MALI. Vijana walikipiga picha, wakanitania, lakini kelele dirishani zilipungua, hilo nakuhakikishia. Mtu akianza kufura namwonyesha boksi kwa kidole, anasoma, anacheka au anasonya, mambo yanakwisha. Boksi lile limeloa mvua mara mbili. Andika jingine.

Lakini usidhani kule wamemaliza. Baba yako mdogo ameshatemewa mate na mtu aliyemnyima pombe kwa kukosa kitambulisho, mtu mzima aliyekuwa na haraka zake. Mambo hayo yalizidi hadi Bunge la Scotland likatunga sheria mwaka 2021 ya kumlinda muuza duka: kumpiga, kumtisha au kumtukana ni kosa linalojitegemea, na linahesabiwa zito zaidi kama alikuwa anasimamia masharti ya umri. Niliposikia hivyo nilikaa kimya kwenye simu. Nilidhani kutukanwa kwa sababu ya fegi ni mkosi wangu mimi na Tandika yangu.

Sasa nikwambie ambalo baba yako halijui vizuri. Usije ukanichukua kama mtakatifu wa nondo.

Viroba unavikumbuka? Vile vifuko vya pombe kali, bei yake haikuachana sana na nauli ya daladala, vinaingia mfuko wa shati, vinaingia kwenye soksi, vinaingia katikati ya kitabu cha jiografia. Nilikuwa navitundika kwenye waya kama shampuu. Nilikuwa nawauzia vijana ambao nikikaa vizuri najua hawakufika umri, kwa sababu vilikwenda haraka na havikudai friji. Faida yake ilipaua ile nyumba uliyolala likizo. Serikali ikavipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, Waziri Mkuu Majaliwa ndiye aliyetangaza, na mimi nikabaki na katoni moja na nusu chini ya kitanda. Siku ile ya Machi kijana mmoja akaja asubuhi kama kawaida yake. Nikamwambia siuzi tena. Akaniuliza, “Jana ilikuwa dawa, leo imekuwa sumu?” Sikuwa na jibu. Hadi leo sina. Alikuwa amekunywa kwangu karibu mwaka mzima, na ndevu zilikuwa hazijamtoka. Zile katoni nilizimwaga chooni usiku, na sikuzimwaga kwa wema, nilimwogopa mgambo.

Na dubwi pia. Ile mashine ya kubahatisha ya sarafu ya 200, yenye taa. Mwenye nayo aliniambia nikae nayo tu barazani, tutagawana. Imeandikwa ubavuni kwamba ni ya miaka 18 na kuendelea, lakini imetengenezwa urefu wa mtoto, inalia kama mwanasesere, na mimi niko ndani napima sukari, nitamwona nani? Ilikaa miezi minne. Nikaanza kupata wageni wasio wa kununua: akina mama wenye kanga kiunoni wanaouliza chenji ya unga imekwenda wapi. Wa mwisho alikuja na mtoto, akamwambia, “Mwonyeshe Babu ulipoitumbukiza.” Mtoto akanyoosha kidole kwenye tundu la sarafu. Nilimlipa yule mama kutoka droo yangu, na nilimpigia simu mwenye mashine aje aichukue kabla ya magharibi. Atakuja kukufuata wewe naye, yeye au mwenzake. Ana maneno mazuri.

Gundi ya fundi viatu iweke nyuma, juu, na umuuzie fundi viatu. Hilo halihitaji maelezo, watoto wa stendi utawaona.

Kuna wale wa nguzo ya umeme. Anakuja mmoja wa miaka 22, kitambulisho safi, ananunua chupa tatu, na wenzake wanne wamesimama nguzoni hawajaota hata kidevu, wanamsubiri. Hapo mimi nimeshindwa mara nyingi. Ukimuuzia umewauzia wote. Ukimnyima, amekuonyesha kila ulichomwomba. Ninachofanya ni kutoka nje. Nafungua mlango wa pembeni, nawaendea palepale nguzoni, nawasalimia mmoja mmoja, namuuliza huyu mama yake hajambo, yule babu yake amepona? Nikimaliza salamu mara nyingi nguzo imebaki peke yake. Ila usitoke kama kuna aliyekwisha lewa, na usitoke kabisa ukiwa umekasirika. Hasira yako ikae ndani ya nondo, ndiyo kazi yake nyingine.

Nakaribia kumaliza, kalamu inaanza kunizunguka.

Yule mtoto wa geti la kijani sasa ana bodaboda yake, utamwona kijiweni, kofia nyekundu. Sigara havuti, kwangu hununua maji na vocha. Siku alipotimiza miaka 18 alikuja dirishani, akaniwekea simu kwenye nondo, namba ya NIDA imefunguka. Nikasoma zile 8 za mwanzo. Akasema, “Mangi, sasa naruhusiwa. Nipe fegi mbili za baba.” Nikampa, nikapokea hela, akavuka nazo barabara kwa mwendo wa mtu aliyeajiriwa serikalini. Dakika tano hazikupita amerudi nazo. Baba yake kazikataa, amesema anataka alete Mangi.

Kwa hiyo kila siku, saa mbili. Bisha mara mbili, kisha usubiri, anachelewa kuinuka siku hizi. Mwamkie kwanza. Atakuuliza Yanga wametoka ngapi, nawe umjibu hata kama hukuangalia. Na uende na kiberiti, cha kwake kinakuwa kimelowa.

Babu yako.